Kengele ni Hodi: Barua ya Wazi kwa Wapanda Baiskeli wa Mji Mkongwe

Kwa ndugu zetu wapandao baiskeli katika Mji Mkongwe wa Unguja: wauza mikate na wachukuzi wa samaki, wanafunzi na makarani, vijana wenye haraka na wale wazee wenzangu ambao magoti yao yangali yakiwatii.

Assalamu alaykum.

Ama baada ya salamu, ambazo kwa haki zilistahili kutoka kwenu kuja kwangu wala si kutoka kwangu kuja kwenu, kwa sababu nitakayoibainisha huko mbele, napenda kwanza muwe na yakini kwamba barua hii haikuandikwa na adui wa baiskeli. Aliyeiandika alipanda baiskeli katika vichochoro hivi hivi kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka Malindi hata Vuga, jua na mvua, akaiacha si kwa kuichukia, bali kwa kuwa macho yake yaliingia ukungu, na daktari akamnasihi kuwa mtu asiyeliona shimo mpaka amekwisha tumbukia heri aende kwa miguu. Hata leo nisikiapo mnyororo uliotiwa mafuta ukizunguka taratibu nyuma yangu, moyo huniambia kuwa huo ni mlio wa chombo chenye adabu. Baiskeli hainywi petroli, haitoi moshi, haiamshi mgonjwa usiku wa manane, na humwezesha mtu wa mshahara mdogo kufika aendako bila ya kumwomba mtu. Lau ningepewa amri ya kuchagua chombo gani kibaki ndani ya mji na chombo gani kitolewe nje ya Darajani, ningeibakisha baiskeli na kuitoa vespa; lakini vespa ina barua yake, nayo itaandikwa siku nitakapokuwa na hasira kuliko leo.

Kilichonishika mkono hata nikaandika ni jambo lililonifika alfajiri moja ya mwezi uliopita. Nilikuwa nimetoka msikitini, nikapitia kwa mama mmoja auzaye chakula cha asubuhi kibarazani kwake, akanitilia maharage ya nazi katika bakuli langu, nikalifunika kwa kisahani, nikashika njia ya kurudi nyumbani Sokomuhogo. Pana mahali njia hiyo hupinda ghafula kwenye pembe ya nyumba kubwa yenye baraza ndefu, hata atokaye upande huu hawezi kumwona atokaye upande wa pili mpaka pua zao zimekaribia kugusana. Nilipofika penye pembe hiyo nilisikia kengele, tena kengele nzuri, ya mlio mkali kama wa fedha. Na kabla sijatambua kama mlio ule unatoka mbele yangu au nyuma yangu, usukani ulinipiga kwenye kiwiko, bakuli likaruka, kisahani kikapasuka juu ya jiwe, nami nikaangukia baraza, nikaketi juu yake kama mtu aliyekaribishwa. Yule kijana, mwenye tenga la mikate nyuma ya baiskeli yake, alikwenda hatua kumi nyingine kabla ya kusimama, maana hakuwa na breki ila kandambili yake aliyoikandamiza juu ya tairi la nyuma, akageuka, akaniona nikipapasa kiwiko, akasema kwa mshangao wa kweli, wala si kwa ufidhuli, "Babu, mbona nimepiga kengele!"

Maneno hayo ndiyo niliyokwenda nayo nyumbani badala ya maharage, nami nimeyatafuna mwezi mzima. Kijana yule hakuwa mtovu wa adabu. Alirudi, akaokota vigae, akanisindikiza hata mlangoni, akanipa mkate ambao niliukataa mara mbili na mara ya tatu nikaupokea. Lakini katika fikra yake alikuwa ametimiza kila lililompasa: alipiga kengele, basi deni lilikuwa limekwisha hamia kwangu, na maadamu sikuondoka upesi kosa lilikuwa langu. Nakuandikieni kwa sababu nadhani fikra hiyo si yake peke yake, nayo ndiyo mzizi wa udhia tunaouona katika vichochoro vyetu, kuliko wembamba wa njia, kuliko mashimo, kuliko giza.

Hebu tuitazame kengele. Mtu akija nyumbani kwako husimama mlangoni akapiga hodi. Asipojibiwa hupiga ya pili, na ya tatu. Na ya tatu nayo isipojibiwa hurudi alikotoka, wala hanung'uniki, kwa sababu anajua kwamba hodi ni ombi, na mwenye nyumba ana haki ya kulikubali, au kulikawiza, au kunyamaza kimya. Hajapata kuonekana muungwana apigaye hodi na kwa pumzi ile ile akausukuma mlango, akapita ukumbini, akakanyaga mkeka kwa viatu, kisha mwenye nyumba akishtuka amwambie, "Mbona nimepiga hodi!" Mtu huyo angeitwa mwizi, au akionewa huruma angeitwa mwendawazimu. Basi kengele ya baiskeli ni hodi ya chuma. Ni ombi la kupita mahali ambapo mwenzio amekwisha tangulia. Na jawabu lake ni "karibu", au "pita, baba", au mwili wa mtu unaojisogeza ubavuni, au jicho tu lililogeuka likakutana na jicho. Kabla ya jawabu hilo kupatikana, aliyepanda hana ruhusa, hata akiipiga kengele mpaka ikang'oka.

Mtaniambia kwamba njia si nyumba. Kwingine huenda ikawa hivyo; hapa kwetu sikubali. Kichochoro cha Mji Mkongwe ni nusu njia na nusu ukumbi. Waliokijenga vyombo vyao vilikuwa miguu yao na punda, wakaziacha kuta zikaribiane ili jua la saa saba lisipate kuigusa ardhi, wakajenga baraza za mawe mbele ya nyumba ili mgeni ambaye haikuwa wajibu kumwingiza ndani apate pa kukaa na kunywa kahawa. Hapo wazee hucheza bao na dhumna. Hapo mtoto hujifunza kusimama dede kwa kushikilia ukingo wa baraza. Hapo wanawake wa nyumba mbili zielekeanazo hupeana chumvi na habari bila ya kupita hatua tatu kutoka vizingitini mwao. Milango hufunguka moja kwa moja njiani, na atokaye hutoka akiwa bado anatafuta kiatu cha pili kwa kidole cha mguu. Masika, maji yakijaa njia, baraza hizo hizo hugeuka madaraja, na watu hupita juu yake kwa foleni wameshika kanzu na mabuibui yao. Nami kwa macho yangu nimeona, Ijumaa moja, kanzu sita zikibadilika rangi kwa baiskeli moja iliyopita chini yake kwa kasi. Apitaye hapo kwa gurudumu, basi, apita ukumbini mwa watu, na adabu ya ukumbi ndiyo imlazimuyo.

Sasa nirudi kwenye lile deni la salamu. Miongoni mwa mafundisho ya Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, limo moja ambalo wengi wetu tulilisikia tukingali watoto wa chuoni, nalo ni kwamba aliyepanda ndiye aanzaye kumsalimu aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu humsalimu aliyeketi, na wachache huwasalimu walio wengi. Zama hizo aliyepanda alipanda ngamia, au farasi, au punda. Lakini sijamwona mwanachuoni atakayethubutu kusema kuwa Raleigh na Phoenix hazimo. Na katika wale walioishereheshea hekima yake wako waliosema kwamba aliyepanda amepewa ubora juu ya anayetembea, ameinuliwa juu ya ardhi na ameongezewa nguvu ambayo si yake, kwa hiyo ametakiwa aanze yeye, ili asiingiwe na kibri. Tazameni jinsi jambo hili linavyolingana na shida yetu. Huwezi kumsalimu mtu na huku unampita kama mshale, kwa kuwa salamu yahitaji uso, na uso wahitaji mwendo wa taratibu. Salamu yenyewe ina jawabu, na jawabu lina muda wake, na katika muda huo mdogo, wa "wa alaykumu ssalam" na mguu mmoja kusogea ubavuni, njia huwa imekwisha kupatikana. Nimejaribu kumkumbuka mtu aliyegongwa na yule aliyekuwa akimsalimu, nami sikumpata.

Na msidhani kuwa haya ni mambo ya chuoni tu. Waingereza, mwaka 1888, walipoitia baiskeli katika hesabu ya magari kwa mujibu wa sheria, waliweka sharti kwamba mpandaji atakaye kumpita mtu aendaye kwa miguu, au mnyama, au gari, atoe ilani ya kutosha kwa kengele, au filimbi, au vinginevyo, akiwa bado yuko masafa ya kufaa na kabla ya kupita. Sharti hilo lilifutwa mwaka 1930, lakini maneno hayo mawili, masafa na kabla, yangefaa kuchorwa juu ya kila usukani wa Unguja. Kisha mwaka 2022, walipozitengeneza upya kanuni zao za barabarani, waliandika kwamba awezaye kumdhuru mwenzake zaidi ndiye mwenye dhamana kubwa zaidi ya kujihadhari, hata lori limchunge mpanda baiskeli, na mpanda baiskeli amchunge mwenda kwa miguu. Karne kumi na nne baada ya Madina, nao wamefika pale pale. Nasema haya bila ya kejeli, ila kidogo.

Kwa vile nilikuwa mwalimu wa hesabu, mtanistahimilia mistari michache. Baiskeli iendayo kilometa 18 kwa saa, na huo si mwendo wa kujisifia kwa kijana mwenye mikate ya moto, hupita mita tano kwa kila sekunde. Penye pembe niliyoitaja mtu huonekana akiwa hatua nne au tano tu kutoka kwako. Kwa hiyo tangu nilipoweza kuonekana mpaka nilipoguswa haikupita hata sekunde moja, nami katika sekunde hiyo nilitakiwa nisikie, nifahamu, nichague upande, na niinue miguu yenye umri wa miaka sabini na tatu. Tena nguvu ya pigo haiongezeki kwa kadiri ya mwendo peke yake, bali kwa mwendo ukizidishwa kwa mwendo: aliyetoka kilometa 9 kwa saa akafika 18 hakuliongeza pigo mara mbili, ameliongeza mara nne. Na juu ya hayo yote kuna jambo ambalo kitabu hakikunifundisha, nimefundishwa na masikio, nalo ni kwamba kuta zetu za mawe na chokaa huurudisha mlio wa kengele kutoka pande zote, ukawa uko mbele, uko nyuma, uko juu dirishani; hata mtu aliyeisikia vizuri, aghalabu huruka kwa pupa kuelekea upande ule ule ambao mpandaji amekwisha uchagua. Kengele iliyopigwa karibu, basi, haimwondoi mtu njiani. Humtupa mbele ya gurudumu.

Wala sina haki ya kuandika haya kama mtu asiye na doa. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, mjomba wangu alikuwa na Raleigh nyeusi ambayo hakumruhusu mtu kuigusa, na siku moja, kwa kuwa mguu ulikuwa ukimwuma, alinituma nayo Darajani. Nilikwenda kama upepo. Kiponda, penye kona, nilimkumba mzee mmoja muuza kahawa, ameshika dele lake lenye makaa chini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akigonganisha vikombe vyake kama ilivyo ada yao, hata ikawa kila mmoja wetu alikuwa akipiga kengele yake na hakuna aliyemsikia mwenzake. Makaa yalitawanyika, kahawa ikamwagika, naye akaungua kidogo juu ya unyayo. Nilingoja kofi. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikusanya makaa kwa koleo, akayarudisha mahali pake, akatazama ndani ya dele akaona imebaki nusu, akanipa mimi dele, akashika mwenyewe usukani wa baiskeli ya mjomba, akaniambia, "Tangulia, mwanangu, tunakwenda Malindi."

Nikatangulia. Naye akanifuata kwa miguu, akiisukuma baiskeli nyuma yangu, na kila baada ya hatua kadha wa kadha, bila ya kuniambia lini, aliipiga kengele karibu na mgongo wangu. Kila alipoipiga nilishtuka, na kila niliposhtuka kahawa ilinirukia mkononi. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano nilikuwa nimekwisha kupandwa na hasira, na hasira yenyewe ikanifunza jambo: nilitaka kugeuka nimwambie kwamba namsikia, si kiziwi, anipe nafasi nitafute mahali pa kuuweka mguu. Tulipofika Malindi alinirudishia baiskeli, akachukua dele lake, akasema tu kwamba nimsalimie mjomba. Mkono ulipona baada ya siku mbili. Kengele ile ya mgongoni ningali nikiisikia.

Wako wasemao kuwa haya yote ni bure, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na watu ni wengi, na penye wembamba hapana adabu iwezayo kutosha. Hao nawakumbusha kuwa mji huu ulipata kupitisha gari la moshi. Kuanzia mwaka 1905 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 treni ilianzia safari zake karibu na Ngome Kongwe, ikapita Malindi, ikaenda zake Bububu, mwendo wa kama maili saba, na kwa sehemu ya njia hiyo ilipita kati ya nyumba za watu, karibu sana na milango yao. Chuma kizima, na moto ndani yake! Watu waliishi nacho kwa sababu walijua kitapita wapi: reli ziliwaonyesha, na mtoto wa miaka mitatu aliweza kuelezwa asikae hapa akae pale. Baiskeli haina reli. Njia yake imo kichwani mwa aliyeipanda, na sisi wa mbele yake hatuna ufunguo wa kichwa hicho. Ndiyo maana naona kuwa jambo moja dogo tukikubaliana nalo litatufaa kuliko mabango mia: mwenda kwa miguu ashike ubavu wa kushoto, na aliyepanda ampite kuliani, kama vyombo vyote vipitanavyo katika barabara zetu, wala asimpite kushotoni hata akiona pana nafasi ya ngamia.

Na hapa nawageukia wenzangu wa miguu, msije mkakaa mkifurahi kuwa barua hii haikuhusuni. Sisi nasi tuna taksiri zetu. Twatembea watatu sambamba, tukijaza njia kutoka ukuta hata ukuta kwa habari ambazo zingeweza kusemwa kwa safu moja. Twasimama katikati kujibu simu, na kijana wetu ametia vizibo vya muziki masikioni, hata hodi ikipigwa mara thelathini haimfikii. Twanyoosha miguu kutoka barazani kana kwamba njia ni jamvi letu. Wenye maduka ya Hurumzi na Gizenga huanika kanga, picha na vikapu pande zote mbili, na kila mwaka ukuta wa bidhaa husogea kiganja kimoja mbele, hata njia iliyokuwa ya watu wawili ikawa ya mmoja na nusu. Ama wageni, tangu UNESCO ilipoutia mji wetu katika urithi wa dunia mwaka 2000 wameongezeka, nao wana ada ya kurudi kinyumenyume ili mlango mzima wa nakshi uingie katika picha; hao wasemeni kwa upole, maana amtazamaye mlango hana macho ya nyuma. Sisi wakaa barazani tusisahau kwamba yule yule aliyetufunza nani aanze salamu alitutaka pia, tukikaa njiani, tuipe njia haki yake, na katika haki hiyo limo kuzuia udhia na kuitikia salamu. Mtu akikusalimu kutoka juu ya baiskeli nawe ukaendelea na dhumna zako, umemfundisha kuwa kesho asipoteze pumzi.

Lakini mizani haiko sawa, wala sitajifanya iko sawa ili nionekane mwenye insafu. Mimi nikikosea, mwenye baiskeli hukawia. Yeye akikosea, mimi huvunjika. Mfupa wa nyonga wa mtu mzima ukivunjika, aghalabu hauungi kama wa kijana, na wako majirani zangu ambao baada ya kuanguka mara moja njia yao ya kila siku imekuwa kutoka kitandani mpaka dirishani.

Ninayoyaomba si mengi. Penye pembe ambayo huoni ng'ambo yake, shuka. Usipunguze, shuka, ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu, na mikate haipoi kwa hatua kumi na mbili. Penye baraza iliyokaliwa na watu, au watoto watokao chuoni na mas-hafu yao vifuani, nenda mwendo wa mtu atembeaye. Kengele piga kutoka mbali, mara moja, si kwa kurudufu kama ugomvi, kisha ngoja. Na kama mtu hakugeuka, tumia mdomo wako, sema "hodi, mzee" au "samahani, mama", kwa kuwa sauti ya mtu humwambia msikiaji uko upande gani, uko mbali kiasi gani, na huna ubaya, mambo matatu ambayo chuma hakiyajui. Wachukuzi wa hamali wamelijua hili tangu zamani. Wao na magari yao mazito huita hodi hodi kwa vinywa vyao kutoka mwanzo wa kichochoro mpaka mwisho wake, na mara ngapi mmesikia gari la hamali limemwangusha mtu? Breki tieni za mpira, msitegemee kandambili, maana ina kazi yake nyingine. Na usiku wekeni taa mbele. Nimemwona kijana akipanda gizani huku simu yake inayowaka ameing'ata kwa meno. Nilimsalimu, naye, kwa uzuri wa malezi yake, alifungua kinywa kunijibu, simu ikaanguka, tukawa sote gizani tukiitafuta kwa mikono.

Kwa wakubwa wa mji neno langu ni fupi: sikuombeni mtuongezee sheria, wala mtu wa kukaa penye kona na kitabu cha faini. Taa zilizozimika ziwasheni, na mashimo ya masika yazibeni kabla ya masika nyingine, ili mpandaji asipate udhuru wa kusema kwamba alikuwa akikwepa shimo alipomgonga mtu.

Ama kijana wangu wa mikate, ambaye najua husoma kila kilichoandikwa kwa kuwa hufungia mikate yake kwa magazeti: kiwiko kimepoa, na bakuli nimenunua jingine, la bati. Kesho alfajiri, inshallah, nitapita pembe ile ile baada ya sala, nami nitashika ubavu wa kushoto. Ukiniona mgongo, piga kengele ukingali mbali, mara moja. Kisha ngoja nikujibu karibu.

Wassalamu.

Mimi ndugu yenu,
Mwenda kwa miguu wa Sokomuhogo